Umerudi na Mbwa

Kwetu Shinyanga, mtu akitoka Geita kwenye dhahabu anategemewa arudi na bati za nyumba, au walau pikipiki. Mimi mkataba ulipoisha nilirudi na mbwa. Mama alichungulia kikapuni, kisha akaniangalia.

"Na huyu uso wake umegongwa na nini?"

Hajagongwa, ndivyo walivyo. Aliachwa na mzungu niliyekuwa nampikia, alipolazimika kurudi kwao ghafla. Ni Pekingese, mbwa wa Beijing: kilo tano hivi, miguu mifupi, shingo yenye manyoya kama simba, pua imedidimia katikati ya macho makubwa. Watoto wa jirani walimwita Bosi, na kweli ana ubosi. Ukimwita anafikiria kwanza. Mgeni akija hamrukii, anakaa mbali anampima. Ila siku ukiwa na mawazo anakuja mwenyewe, analaza kidevu juu ya mguu wako na kutulia.

Ubosi huo una asili yake. Mababu zake walifugwa katika majumba ya wafalme wa China, na wale wadogo zaidi walibebwa ndani ya mikono mipana ya kanzu. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipopora Jumba la Majira ya Joto, mbwa watano walichukuliwa hadi Uingereza. Mmoja akapewa Malkia Victoria. Wakamwita Looty, yaani wa kuporwa. Hata haya hawakuona!

Niliposoma hayo nikakumbuka almasi ya waridi ya Mwadui, hapa hapa kwetu, iliyopatikana mwaka 1947 ikawa zawadi ya harusi ya binti mfalme Elizabeth. Vitu vizuri vina tabia ya kuondoka na kuishia kwa malkia. Bosi kaenda kinyume: kaishia kwa mpishi asiye na kazi.

Kumtunza si mchezo. Manyoya yanachanwa karibu kila siku, la sivyo yanafungamana. Mikunjo ya uso inafutwa na kukaushwa. Macho yametokeza, yanachubuka upesi. Kuna kupe, na kuna chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka kwa daktari wa mifugo. Mama aliuliza hela ya chanjo ingenunua mahindi kiasi gani. Sikuwa na jibu. Ada ya mdogo wangu ilikuwa inadaiwa, na mimi nachana mbwa nywele. Nikaona aibu. Nikatafuta mtu Mwanza, akakubali kuja kumchukua Jumamosi.

Lakini adui wake mkubwa ni joto. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na pua fupi namna ile haitoshi. Ilikuwa Oktoba, mvua bado. Alhamisi nilikwenda mjini kutafuta kazi hotelini, nikarudi saa tisa. Nilimkuta mama chini ya mwembe, gauni limelowa, Bosi kalala mapajani mwake juu ya khanga mbichi.

"Alikuwa anakoroma kama mzee, nikadhani kalala. Kumbe anakufa."

Ndoo mbili zilikuwa tupu. Maji yale tunanunua.

"Mama, maji yote hayo..."

"Nyamaza. Shika ungo, upepee."

Nilipepea mpaka mkono ukafa ganzi. Jua lilipopungua, Bosi akainua kichwa, akatuangalia kama wahudumu waliochelewa. Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nirudi.

Usiku, tukiwa tunakula, akauliza bila kuniangalia: "Huyo wa Mwanza anajua kwamba huyu hatakiwi juani?"

"Sijamwambia."

"Basi mwambie asije."

Nikapiga simu. Ada ilichelewa, tukailipa kidogo kidogo nilipopata kibarua cha jikoni. Bati bado hatujapata. Mchana wa jua kali, Bosi analala ndani kwenye sakafu ya saruji, karibu na mtungi, mahali ambapo mama hakuwahi kumruhusu mbwa yeyote akanyage.