Taa Imewaka au Huwaka?

Katika kufundisha njeo na hali, walimu wa Kiswahili tumezoea mifano ya Juma anayesoma kitabu na mama anayepika chakula. Mifano hiyo haina kosa, ila mwanachuo akichanganya "anapika" na "hupika", hakuna chungu kitakachoungua. Hapa tungependa kusimulia siku ambayo viambishi -na-, -me-, hu- na -ki- vilihitajika pahala ambapo kukosea kungekuwa na gharama, ingawa hatuoni fahari kueleza sehemu yetu katika mkasa huo.

Tulikuwa tumetoka kukagua mazoezi ya kufundisha huko Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, tukirejea Mbale kwa gari letu dogo la Kijapani, lililokuwa limekwisha tumikia watu wengine kabla ya kutufikia. Wanachuo wawili, binti na kijana, walikuwa wameomba tuwachukue. Anayeijua njia hiyo anajua kwamba ukishaipita Sipi, barabara huteremka kando ya Mlima Elgon kwa kona nyingi hadi kwenye tambarare.

Taa nyekundu ya breki ilikuwa imetusumbua kwa majuma matatu. Mwanzoni tulidhani breki ya mkono haikushuka vizuri, kwa kuwa katika magari mengi taa hiyo hiyo moja hufanya kazi mbili: kumkumbusha dereva kuwa breki ya mkono imevutwa, na kumwonya kuwa mafuta ya breki yamepungua katika kikopo chake. Tuliipandisha breki ya mkono na kuishusha, lakini taa ikawa inajitokeza kwenye kona na kutoweka barabara inyookapo. Basi tukanunua chupa ya mafuta ya breki, tukajaza kikopo hadi alama ya juu, na taa ikatoweka kabisa. Tuliridhika. Mshahara ulikuwa haujaingia, na asiye na fedha huridhika upesi.

Siku ile, kabla ya kufika Sipi, taa ilirudi. Kwenye kona ya pili tulikanyaga breki, na badala ya kukutana na ugumu tuliouzoea, mguu uliingia kama unaokanyaga godoro. Gari lilipunguza mwendo, lakini kwa kuchelewa. Tulikanyaga tena upesi, mara mbili, pedali ikapanda kidogo. Tukaingiza gia ya pili, injini ikalizuia gari, tukaenda polepole ukingoni mwa barabara. Kijana aliyekaa mbele aliacha kuzungumza. Binti wa nyuma, aliyekuwa amepakata madaftari ya maandalio ya masomo, aliyakumbatia kifuani. Hatukuwaambia kitu, na hilo ndilo linalotuumiza hadi leo kuliko taa yenyewe. Walikuwa na haki ya kujua kwamba tulikuwa tumeliona tatizo hilo majuma matatu yaliyopita.

Sipi tulielekezwa kwa fundi mmoja wa makamo aliyejifunza kazi yake Kitale, ng'ambo ya mpaka. Kiswahili chake kilikuwa cha gereji, na tunakiri kwamba tulimsikiliza kwanza kwa masikio ya mtahini.

"Shikamoo, fundi. Taa ya breki inawaka," tulimwambia.

"Marahaba, mwalimu. Inawaka namna gani? Imewaka ikakaa, ama huwaka ikizimika?"

Tulinyamaza. Kwa muda wa miaka kumi na zaidi tulikuwa tumewaandikia wanachuo ubaoni kwamba -na- huonyesha tendo linaloendelea, -me- huonyesha tendo lililotimia ambalo hali yake ingalipo, na hu- huonyesha mazoea. Sasa tulikuwa tumejibu kwa -na- mahali ambapo -na- haikumfaa aulizaye. "Inawaka" yetu ingeweza kubeba maana zote tatu. Tukasema, "Huwaka gari likikata kona."

Jibu hilo lilimtosha kuanza. Ndani ya kikopo, alieleza, kuna boya. Mafuta yakipungua, boya hushuka na taa huwaka. Yakiwa yamepungua kidogo tu, kona huyasukuma upande mmoja, boya likashuka kwa nukta moja kisha likainuka. Kama taa ingekuwa imewaka na kubaki hivyo, angeshuku kwanza swichi ya breki ya mkono, au upungufu mkubwa zaidi wa mafuta.

Akauliza tena: "Ukikanyaga mara moja inazama, ukirudia inapanda?" Ndivyo. "Na ukiishikilia, inatulia ama inazidi kuzama?" Hilo hatukulijua, akatuagiza tuwashe injini, tukanyage na tushikilie. Pedali ilitulia. Angalau silinda kuu ilikuwa nzima, kwa maana pedali inayozidi kuteremka taratibu chini ya mguu uliotulia, na nje hakuna panapovuja, aghalabu huashiria kwamba mafuta yanapenya ndani ya silinda hiyo. Mtazame -ki- wa fundi yule: kila swali lake lilikuwa jaribio, sharti likitangulia na tokeo likifuata. Vitabu vyetu vya sarufi hutoa mfano wa mvua ikinyesha. Tungependekeza huu uongezwe.

Alilipandisha gari kwa jeki, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua tairi la nyuma la kushoto. Upande wa ndani ulikuwa umelowa. Raba za silinda ndogo ya gurudumu hilo zilikuwa zimechakaa na mafuta yalikuwa yamevujia ndani ya ngoma ya breki, yakavilowesha viatu vyake. Kadiri mafuta yalivyopungua, hewa ilipata njia. Mafuta hayashindiliki, alisema, lakini hewa hushindilika, na ule ulaini tuliousikia mguuni ulikuwa nguvu yetu ikipotea katika kuikandamiza hewa badala ya kuyafikia magurudumu. (Hapo alitumia kauli ya kutendeka kwa usahihi ambao si kila mtahiniwa wetu huufikia.)

Tulijitetea kwamba tulikuwa tumejaza mafuta. Alitutazama bila ukali.

"Mwalimu, hukuondoa ubovu. Uliizima taa."

Akavuta mafuta machache kutoka kwenye kikopo, akatuonyesha: rangi yake ilikuwa kama ya chai ya rangi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na unyevu huo huyashusha daraja. Ya aina ya DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mkali. Yakichemka, hugeuka mvuke, na mvuke nao hushindilika. Hivyo aliyaondoa yote, akabadilisha raba na viatu vya breki, maana viatu vilivyolowa mafuta haviaminiki tena hata vikifutwa, kisha akaanza kutoa hewa.

Kazi hiyo huhitaji watu wawili. Fundi alilala chini akiwa na spana na mpira mwembamba ulioingizwa ndani ya chupa, kijana akakaa kwenye usukani. Utaratibu ulikuwa huu: kijana akanyage mara tatu, ashikilie, fundi alegeze skrubu, mafuta na viputo vitoke, fundi akaze, ndipo kijana aachie. Walianza na gurudumu la nyuma la kushoto, lililo mbali zaidi na silinda kuu katika gari letu lenye usukani kulia. Lori lilikuwa likipanda kilima kwa kishindo. Fundi akapaza sauti, "Usiachie!" Kijana akasikia "achia", akaondoa mguu kabla skrubu haijakazwa. Hewa ikanyonywa ndani, kazi ikarudi mwanzo.

Fundi hakufoka. Alisema tu, "Sasa nitasema 'shika' na 'toa'. 'Usi' imemezwa na lori."

Tumelitafakari jambo hilo mara nyingi. Katika amri kanushi ya Kiswahili, maana yote ya ukanushi hukaa katika silabi ya pili ya kitenzi, -si-, ambayo kwa kawaida haina mkazo, na msikilizaji aliyeikosa husikia kinyume cha alichoambiwa. Hatulioni hilo kuwa kasoro ya lugha. Ila mwalimu anayetoa maelekezo darasani penye kelele angefanya vyema kuchagua kitenzi yakinishi.

Ilipata saa kumi na moja jioni pedali ilipokuwa ngumu na ya juu. Fundi alilijaribu gari mwenyewe mahali tambarare, akarudi, akatazama tena chini ya magurudumu yote manne. Kabla ya kuwasha injini tuliwageukia wanachuo wetu, tukawaeleza habari za yale majuma matatu, na kwamba aliyetaka kusubiri matatu tungemlipia nauli. Waliangaliana. Binti akauliza, "Mwalimu, sasa taa imezimwa au imezimika?"

Tuliwasha injini na kushusha breki ya mkono, tukaitazama dashibodi kwa muda, kisha tukamjibu. Wakapanda. Tuliteremka kwa gia ya pili, na tulipofika Sironko tulisimama, tukachutama sote watatu kando ya gurudumu la nyuma la kushoto, tukapapasa upande wa ndani. Palikuwa pakavu.