Ukumbusho si Kumbukumbu: Santuri Iliyobaki Tinde

Malenga wenzangu, yako maneno mawili yaliyotoka katika mzizi mmoja, na wengi wetu huyatumia kana kwamba ni pacha wasiotofautika: kumbukumbu na ukumbusho. Ukiyasikiliza kwa makini utaona kuwa hayasimami mahali pamoja. Kumbukumbu imezaliwa na kukumbuka, tendo la mtu mwenyewe. Ni akiba ya ndani, nayo mwenyewe huifungua apendapo na kuifunga apendapo. Ukumbusho umezaliwa na kukumbusha, na hapo kauli ya kusababisha imekwisha kumwingiza mtu wa pili au kitu cha pili. Ukumbusho hukujia kutoka nje. Hukugusa bega hata kama ulikuwa umekusudia kusahau.

Jambo hili lilinijia kwa sababu ya jalada la santuri, nyumbani kwa marehemu mjomba wangu, hapa Tinde. Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa, Januari 1979, alikuwa na umri wa miaka 34. Baada ya msiba huo kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika santuri kubwa, moja baada ya nyingine, ikazipa namba na jina moja: Ukumbusho. Sijui ni nani aliyelichagua jina hilo, lakini naamini alikuwa na sikio la mshairi. Angeweza kuandika Kumbukumbu na hakuna ambaye angelalamika.

Wasomaji wa makamo hawahitaji kuambiwa Mbaraka alikuwa nani, nawaandikia vijana. Alizaliwa mwaka 1944, akajipatia jina katika bendi ya Morogoro Jazz akiwa mpiga gitaa la solo, mwimbaji na mtunzi. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na safari hiyo ikazaa wimbo. Mwaka 1973 aliunda Super Volcano, bendi iliyotupa wimbo uitwao Shida, ambao hata leo ukipigwa harusini watu huacha kula. Morogoro, mji wake wa muziki, ulikuwa umekwisha kumzika bingwa mwingine, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki mwaka 1965, naye kwa ajali ya barabarani.

Barabara ndiyo iliyoileta santuri hiyo kwetu. Tinde ni njia panda. Ukitoka Nzega, hapa ndipo unapochagua: kulia uende Shinyanga mjini na Mwanza, kushoto uende Kahama na mipaka ya Rwanda na Burundi. Mjomba alikuwa utingo wa malori ya pamba, kisha akawa dereva. Mpaka wa Tanzania na Kenya, uliofungwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, ulifunguliwa tena mwaka 1983. Siku moja baada ya hapo mjomba akarudi nyumbani na kinanda cha santuri cha kutumia betri na santuri 12. Moja kati ya hizo ilikuwa Ukumbusho. Shangazi zangu walisema ameleta sahani zisizoliwa.

Kwa nini zilitoka Nairobi? Kwa sababu hapa kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kwenye kanda zilizobaki maktaba ya redio, au zilivuka mpaka kwenda kutafuta studio na mashine za kuchapa. Ndiyo maana wimbo wa Morogoro uliweza kufika Tinde kwa kupitia Nairobi. Kiswahili chetu kilikwenda ng'ambo kikarudi kimevaa jalada. Wala halikuwa jambo geni: mwaka 1928 Siti binti Saad alisafiri kutoka Unguja hadi Bombay ili sauti yake ichapwe kwenye santuri, na safari za namna hiyo ndizo zilizomfanya ajulikane pwani nzima. Shaaban Robert aliona maisha ya mwimbaji huyo yanastahili kitabu, akaandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mshairi wetu mkuu hakuona haya kujifunza kwa mwenye sauti.

Santuri ndogo, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, huchukua kama dakika nne au tano kila upande. Nyimbo zetu za dansi hazikuwa fupi kiasi hicho. Basi mtunzi alilazimika kuukata wimbo vipande viwili: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa pili. Mara nyingi kisa kilisimuliwa kwenye upande wa kwanza, polepole, beti kwa beti, na ulipougeuza ulikuta magitaa yamechangamka na waitikiaji wakilishikilia neno moja hadi mwisho. Sisi wa mashairi ya arudhi tunaijua hali hiyo. Mizani ni ukuta, na mtunzi hodari hauoni ukuta kuwa adui, huuegemea. Santuri kubwa yenye mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ilileta nafasi ya dakika 20 na zaidi kwa upande, na hapo nyimbo ziliweza kupangwa kama tungo katika diwani: ipi itangulie, ipi ifuate, ipi ifunge.

Tena upande mmoja wa santuri una mfuo mmoja tu. Jicho huona duara nyingi zilizopangana, lakini ni mstari mmoja mrefu unaojizungusha kutoka ukingoni hadi karibu na tundu la katikati. Sindano huufuata bila kuruka, na msikilizaji naye huufuata. Ukitaka wimbo wa nne, adabu ni kuusubiri, la sivyo uinuke na kuitua sindano kwa mkono usiotetemeka. Mjomba hakumruhusu mtoto yeyote kufanya hivyo. Tulisikiliza upande mzima, tukanyamaza, naye akageuza.

Kwa kusikiliza hivyo ndivyo tulivyopata Kiswahili. Kwetu tulizungumza Kisukuma, lugha isiyo na sauti ya "r". Bibi yetu hadi anaingia kaburini alimwita mwimbaji huyo Mbalaka, na kwa ulimi wa bibi "kura" na "kula" yalikuwa neno moja, jambo lililomletea mjomba kicheko kila mwaka wa uchaguzi. Mwalimu shuleni alitusahihisha kwa fimbo. Santuri ilitusahihisha kwa kurudia. Tulikaa chini ya mwembe tukaimba pamoja na Mbaraka, ulimi ukitafuta mahali pa kutetemeka, hadi siku moja "r" ikaja yenyewe. Mpaka leo nikiandika shairi na kutaka kujua kama mshororo umekaa sawa, huusema kwa sauti nikijaribu kuuweka kwenye gitaa la pili.

Bibi hakuona ugeni wowote katika muziki ule, ila lugha. Yeye alikulia katika mashindano ya Wagika na Wagalu, ambamo baada ya mavuno manju wa upande mmoja humtungia nyimbo manju wa upande wa pili, na umati ndio huamua kwa kuhamia kwa mshindi. Aliposikia mwimbaji akitoa neno na waitikiaji wakilipokea, aliuliza swali moja tu: "Na yule wa upande mwingine yuko wapi, amjibu?" Nimekuwa nikilifikiri swali hilo tangu nianze kushiriki malumbano ya mashairi.

Santuri ile ina mkwaruzo. Uko upande wa pili, na ulipatikana usiku wa harusi ya binamu yangu mkubwa, mchezaji mmoja alipokipiga kinanda kwa goti. Tangu usiku huo sindano ikifika mahali hapo hurudi nyuma, na neno moja husemwa mara tatu kabla halijapita. Mbaraka hakuitunga takriri hiyo. Ni goti la mchezaji lililoitunga. Lakini nyumba nzima iliikariri. Binamu zangu wakiimba wimbo huo wakifua au wakipalilia, hulitaja neno lile mara tatu, na watoto wao, ambao hawakuwepo, hufanya vivyo hivyo. Nikiusikia wimbo huohuo kwenye simu, safi na mzima, hapo ndipo moyo wangu hujikwaa.

Sina ugomvi na simu. Kijana wa machimbo ya Geita anaweza leo kupakua nyimbo za Mbaraka, za Marijani Rajab na za Les Wanyika akiwa amekaa juu ya kifusi, bila lori wala mpaka, na hilo ni neema. Lakini tazama linavyoendelea duniani. Mwaka 2022, kwa mara ya kwanza tangu 1987, Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko sahani za CD. Watu wenye kila wimbo mfukoni wanalipa fedha kununua kitu kizito, kinachovunjika na kinachotaka kugeuzwa. Na kwa kuwa santuri za Afrika Mashariki zilichapwa kwa uchache, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzitafuta hadi vijijini.

Hata Tinde walifika. Mwaka wa pili baada ya mjomba kufariki, kijana mmoja mwenye adabu alikuja kwa niaba ya mnunuzi wa mbali. Alimwamkia mkaza mjomba, akaketi, akazitoa santuri moja moja na kuziinua kwenye mwanga wa mlango. Zisizo na alama alizipanga kulia. Bei aliyotaja kwa jumla ilitosha kuezeka chumba kizima kwa mabati mapya, na chumba cha mkaza mjomba kilikuwa kinavuja. Ukumbusho aliiinua, akauona mkwaruzo, akairudisha taratibu upande wa kushoto. "Hii haina soko, mama," akasema. "Imechezwa mno."

Mkaza mjomba alinivuta pembeni. Nilimwambia, "Mayu, uamuzi ni wako; mvua hazisubiri."

"Najua," akajibu. "Mwanangu, huyu anataka zile zilizonyamaza. Achukue. Zilikuwa za marehemu kuzitazama."

Akauza 11. Mabati yaliwekwa kabla ya masika, na mimi niliyekuwa nimejiandaa kuhuzunika niliposikia mvua ya kwanza ikipiga juu ya bati jipya sikuweza kuhuzunika. Soko lilikuwa limetuamulia kwa haki kuliko tulivyotazamia: lilizipa thamani santuri ambazo hazikutumika, likatuachia ile moja ambayo watu wa nyumba hii walikuwa wameimaliza kwa kuipenda.

Imebaki santuri moja, na sindano moja. Kinanda bado kinazunguka, lakini sindano za aina yake sijazipata Shinyanga wala Kahama, na nilipotafuta Mwanza fundi mmoja alinicheka kwa upole. Kila sindano inapopita kwenye mfuo, vyote viwili hulika kidogo. Wimbo wa simu ukiusikiliza mara elfu unabaki vilevile. Wa santuri hujilipia kwa mwili wake kila unapoimba. Nilimshauri mkaza mjomba tuihifadhi, isipigwe tena. Aliniuliza, "Ukiiweka kabatini itamkumbusha nani?" Huyo ni mama aliyeishia darasa la nne, lakini kauli ya kusababisha aliielewa kuliko mimi niliyefunza sarufi. Huipiga siku ya kumbukumbu ya mjomba, upande wa kwanza na wa pili, wajukuu wakiwa wamekaa, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.

Nadhani hapo ndipo palipo na mvuto wa albamu kama hii usiokwisha. Nyimbo ni nzuri, nao uzuri wake hauhitaji plastiki nyeusi ili usikike. Ila santuri ina mwanzo na mwisho, ina upande, ina alama ya goti la mtu fulani siku fulani, na inataka mkono wa aliye hai uisimamie. Haikai ndani yetu tukaisahau. Inatujia kutoka nje, kama jina lake lilivyosema tangu mwanzo.

Basi nimeanza kazi ndogo, nami nawaomba mnaoweza mfanye vivyo hivyo. Kila mwaka inapopigwa, hukaa na daftari na kunakili maneno kama yanavyosikika, kwa sababu majalada yetu mengi hayakuandikwa maneno ya nyimbo, na waliozijua wanatutoka. Tayari nimebishana na mkaza mjomba juu ya neno moja ambalo mimi nalisikia hivi naye hivi, na kwa kuwa liko karibu sana na mkwaruzo hatujaweza kuamua. Mwenye nakala isiyokwaruzwa anisaidie. Lakini katika daftari langu neno lile jingine, la mkwaruzo wenyewe, nimeliandika mara tatu.