Ngoma Nayo Iko na Mizani Yake

Ukitoka katikati ya Likasi na kuelekea Kamatanda, macho yako yataona udongo kwanza. Udongo mwekundu, mashimo, mifuko iliyofungwa kwa kamba, vijana wenye vumbi mpaka kwenye kope. Kamatanda inajulikana juu ya shaba. Muji wa Likasi wenyewe ulikua juu ya shaba. Wakati wa Wabeleji uliitwa Jadotville, kwa jina la Jean Jadot, mukubwa mumoja wa Union Minière. Tangu 1966 unaitwa Likasi. Ukimwambia jirani kwamba unaenda Kamatanda, hatafikiri hata kidogo kwamba unaenda kununua ngoma.

Hata hivyo leo nataka tuzungumze juu ya ngoma, likembe na karindula, na bei yake. Utaniuliza: juu ya nini Kamatanda? Kwa sababu hapa ni fasi nzuri ya kujifunza bei ya haki ni nini.

Uliza muchimbaji yeyote, atakueleza. Anatoa mufuko wake shimoni, anaufikisha kwa mununuzi. Mizani ni ya mununuzi. Mashini ya kupima kiasi cha shaba ndani ya majiwe, nayo ni ya mununuzi. Bei, ni mununuzi anaitaja. Muchimbaji anajua uzito wa mufuko kwa mugongo wake, lakini mugongo hauhesabiwi. Akibisha, anaambiwa: “Chukua majiwe yako uende.” Aende wapi, na watoto wanangoja chakula?

Basi, weye unayeijua ile uchungu, sikiliza. Siku unapoenda kununua ngoma ya korali, au likembe kwa mutoto, ni weye sasa unashika mizani. Fundi wa ngoma anakutazama sawa vile muchimbaji anamutazama mununuzi wa majiwe.

Tena usifikiri muziki ni kitu kidogo katika inchi yetu. Mwenda Jean Bosco, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930, alikutwa na Hugh Tracey hapahapa Jadotville mwaka 1952, akarekodiwa, na gitaa yake ikasikiwa mbali sana. Na mwaka 2011, kompani ya muziki ya Brussels inayoitwa Crammed Discs ilitoa muziki wa karindula wa Lubumbashi. Karindula unaijua: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, shingo ndefu ya muti na nyuzi 4. Vitu ambavyo wengine wanatupa, fundi anavifanya viimbe.

Huyo Tracey alifanya jambo lingine. Alipenda sana vyombo vya aina ya likembe, ambavyo wengine kwetu wanaita kisanji. Tangu miaka ya 1950 kiwanda alichoanzisha kule Afrika ya Kusini kilitengeneza kalimba za kuuza Ulaya na Marekani. Mutu wa mbali alikubali kulipa bei kubwa, si kwa muti na chuma tu. Alilipa kwa sababu sauti zilikuwa zimepangwa vizuri na zinafanana kutoka kalimba moja mpaka nyingine. Hapa tunajifunza jambo la kwanza: ndani ya bei mna kazi ya masikio, si ya mikono tu.

Sasa tufike kwa hesabu. Muuzaji wa Lubumbashi anauza ngoma kwa bei mara 3 ya ile aliyonunua kijijini. Tunapaza sauti: “Mwizi huyo!” Pole pole, ndugu. Tuchukue kalamu. Hesabu hii ni mufano tu, si bei ya soko la leo.

Tuseme alinunua ngoma kwa dola 20, anaiuza 60. Kuisafirisha kutoka Likasi, kilometa karibu 120, dola 6. Fasi ya sokoni na kodi, 8. Tena ngoma 1 kati ya 5 inapasuka kwa jua, na hasara yake inaangukia zile 4 zilizobaki: karibu 7 kwa kila moja. Imebaki dola 19, na pengine alingoja miezi 2 mpaka mununuzi atokee. Huyo si mwizi. Ni mutu wa kazi.

Lakini usifunge daftari bado. Twende kwa fundi. Ile 20 aliyopokea, ndani yake mna ngozi ya 5 na muti wa 4. Imebaki 11. Alichonga, alikausha muti polepole usipasuke, aliloweka ngozi, akaivuta, akaianika, akaisikiliza kwa moto mpaka sauti ikapanda. Tuseme siku 6 za kazi. Haifiki dola 2 kwa siku. Hapo unaona kwamba muuzaji si mwizi, na bado haki imeinama upande mumoja. Kama angelipa fundi 26, yeye angebaki na 12 hivi, na fundi 17. Ngoma ingeuzwa bei ileile. Hakuna mununuzi ambaye angeumia.

Kwa hiyo ukitaka kupima muuzaji, usitazame bei peke yake. Muulize maulizo. Je, fundi anajua ngoma yake inauzwa bei gani kule Lubumbashi? Ngozi ikipasuka kisha juma moja, nani anaitengeneza? Bei anayomutajia Muzungu au Muchina ina tofauti gani na ile ya mama wa Kikula? Kubishana bei si zambi. Ni desturi yetu, na inaleta maneno mazuri ya kucheka. Lakini kuchukua ngoma iliyochongwa mwezi uliopita, kuipaka moshi na mafuta, na kusema “hii ni ya babu yangu, ya zamani sana”, hiyo ni uongo, hata kama mununuzi ni tajiri.

Uliza pia: fundi analipwa lini? Wazee wetu hawajasahau mwaka 1993, wakati zaire mupya mumoja ulichukua fasi ya zaire 3.000.000 za zamani. Kisha mwaka 1998 ikaja franka, na franka 1 ilikuwa sawa na zaire mipya 100.000. Mutu aliyeambiwa “nitakulipa kisha miezi 3” alipokea karatasi tu. Feza yetu hata leo inaweza kushuka. Kukawia kulipa ni njia ingine ya kukata bei bila kusema.

Na sasa neno kwa sisi watu wa kanisa. Kuna korali inayoenda kwa fundi na kumwambia: “Baba, punguza, hii ni kazi ya Mungu.” Fundi anaona haya kukataa. Anapunguza mpaka chini ya bei ya ngozi. Tuseme wazi: kama fundi anataka kutoa sadaka, atoe mwenyewe, kwa mukono wake. Sadaka inayovutwa kutoka mufuko wa mutu mwingine si sadaka. Mithali sura ya 20 inamutaja mununuzi anayedharau kitu mbele ya muuzaji, kisha anaenda zake akijisifu. Tusimubebe huyo ndani ya korali, kisha tumupe ngoma apige.

Vijana, muna kazi nyepesi ya kufanya. Uliza mutu wa kubeba mizigo pale soko la Likasi analipwa ngapi kwa siku. Zidisha kwa siku ambazo fundi alikaa na ngoma. Ongeza muti, ngozi na misumari. Ukiona bei unayotaka kulipa iko chini ya hesabu hiyo, ujue kwamba fundi ndiye anakulipa weye.

Kama feza haitoshi, msiseme ngoma ni mbaya. Mwambieni fundi ukweli: “Baba, tuko na nusu. Tutaleta ingine mwisho wa mwezi.” Andikeni deni kwenye daftari ya korali, mutu mumoja atie sahihi, na siku ile ikifika, mupeleke feza kabla ya fundi kuja kuomba.