Aksi iliyochongwa Likasi yarudisha muline ziwani

LIKASI – Ziwa Tshangalele lilitokea wakati bwawa la Mwadingusha lilipozuia maji ya Lufira, na hadi leo wavuvi wake wengi wanaishi kwa nyavu na mitumbwi. Wenye kuvua kwa fimbo na muline, ile mashine ndogo ya kukunja uzi, ni wachache. Mmoja wao ni mzee aliyechonga chuma miaka mingi katika karakana za Gécamines. Aliondoka mwaka 2003, katika mpango wa kuondoka kwa hiari uliowagusa wafanyakazi zaidi ya 10,000. Tangu hapo, kambale wa ziwa ndiye anayemsaidia kulipa minervali ya wajukuu.

Muline yake ni ile inayokaa juu ya fimbo, bobini yake ikizunguka yenyewe. Ukizungusha mkono, aksi inageuza gurudumu kubwa la meno, gurudumu linasukuma piniyo, na piniyo inazungusha bobini. Nguvu yote inapita kwenye kipande cha chuma kifupi kuliko kidole.

Kipande hicho ndicho kilicholika. Kwanza mkono ulianza kucheza. Halafu meno yakawa yanaruka kila samaki mkubwa alipovuta, na kambale wawili wakamponyoka siku moja. Sokoni walimwambia anunue muline nyingine, kwani vipuri vya aina ile havipatikani. Bei ya muline mpya ilikuwa minervali ya mtoto mmoja.

Akaifungua nyumbani, mwipwa wake akimtazama. Alitoa nati, mkono, nyota ya breki, springi na rondeli, akazipanga juu ya kitambaa kwa mfuatano wa kutoka. Rondeli za breki zikibadilishana nafasi, breki inakamata vibaya. Aksi ilikuwa na makosa mawili: pande bapa zinazoshika mkono zilikuwa zimeviringika, na sehemu inayozunguka ndani ya bushi ilikuwa nyembamba. Mchanga ulioingia na maji ndio uliofanya kazi hiyo polepole.

“Mujomba, tusude tu,” kijana alisema.

“Moto utaipinda. Ikipinda hata kidogo, itakula meno yote.”

Wakaenda kwa rafiki mwenye mashine ya kuchonga. Mzee hakushika kazi. Alimpa kijana chombo cha kupimia na kipande cha inoksi. Hakupima pale palipolika. Alimfundisha kupima karibu na gurudumu, mahali chuma kilipobaki na unene wake wa zamani. Unene ukizidi kidogo, aksi inakwama. Ukipungua, inacheza tena kama ile ya kwanza. Kijana alichonga haraka, akaharibu kipande. Cha pili alikipima mara nyingi, akamalizia pande bapa kwa tupa. Bushi pia ilibadilishwa kwa nyingine ya shaba njano, maana aksi mpya ndani ya bushi iliyolegea haidumu.

Grisi iliwekwa kwenye meno, lakini si kwenye beringi inayozuia mkono kurudi nyuma. Ikijaa grisi, beringi hiyo inateleza. Waliporudisha mfuniko, mkono ulizunguka bila sauti.

Mafundi wa umri wa mzee wanapungua Likasi, na wengi wanaondoka na ujuzi wao kwa sababu hakuna anayewauliza. Kijana huyu sasa ana muline mbili za majirani mezani, na aksi ya zamani ameitunza iwe mfano.

Kila mwaka uvuvi unafungwa kwa muda ili samaki wazae. Wenye muline wautumie muda huo kufungua mashine zao, kuzisafisha na kushika mkono waone kama unacheza. Aksi iliyoanza kulegea bado inaweza kubadilishwa peke yake. Ukingoja meno yaruke, gurudumu nalo litahitaji kubadilishwa.