Yasmin Mwenye Sura ya Sridevi

Banda la video la mtaani kwetu Utemini lilikuwa chumba cha matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia, mabenchi hayana egemeo. Mbele kulikuwa na televisheni moja na deki iliyopata moto hadi ikawa inapepewa kwa kipande cha boksi. Kiingilio kilikuwa shilingi mia. Asiyekuwa nayo alipiga chabo kwenye tundu la gunia mpaka mwenye banda atoke na fimbo. Upepo wa Singida nao hauna adabu: ukivuma, gunia linainuka, mwanga unafuta picha, na watu wote wanamzomea mwenye banda kana kwamba yeye ndiye aliyeuleta.

Filamu zilikuwa za Kihindi, za Kichina na za makomandoo wa Kimarekani, lakini sauti ilikuwa moja, ya Lufufu. Bwana huyu wa Dar es Salaam aliingiza Kiswahili chake kwenye kanda, akawasemea wahusika wote, mabibi kwa mabwana, akieleza yaliyosemwa na mengine ambayo nina hakika hayakusemwa na mtu. Kupitia kwake tulimjua adui mapema, na tulijua kuwa steringi hafi. Akifa, watu walitoka wakinung'unika kama waliodhulumiwa.

Kwetu, kila filamu yenye sari na nyimbo ilikuwa ya Kihindi, basi. Hatukujua kuwa Watamil wa kusini mwa India wana sinema yao, yenye makao Chennai, wala kuwa Sridevi, yule aliyetutisha kwa macho ya nyoka kwenye Nagina ya mwaka 1986, alikuwa Mtamil aliyeanza kuigiza huko kusini akiwa mtoto mdogo. Na huko huko, mwaka 1965, mwandishi Jayakanthan aliichukua riwaya yake mwenyewe kuhusu maisha ya walalahoi, akaiongoza mwenyewe kuwa filamu kwa fedha kidogo, Unnaipol Oruvan, ikapata tuzo ya taifa. Filamu za namna hiyo hazikufika kwetu. Isiyo na ngumi wala nyoka, nani angeibeba kutoka Kariakoo?

Nilipofika kidato cha tano nikakutana na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya iliyotoka mwaka 1999. Nakala yetu haikuwa na jalada na ilizunguka bweni zima. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar enzi za ukoloni, anaozwa kwa Bwana Raza, mzee aliyemzidi umri mbali. Anapelekwa Mombasa, anatoroka, jamaa zake wanamfungia mlango, anapokewa na rafiki yake Mwajuma, kisha anampenda Denge, kijana aliyesoma Urusi na ambaye Waingereza hawampi kazi wala usingizi. Mimi nilimpa Yasmin sura ya Sridevi. Ningempa ya nani? Wahindi niliowajua walikuwa wenye maduka ya mjini, na mabinti zao niliwaona ng'ambo ya kaunta tu, wakihesabu chenji. Kwa hiyo katika kichwa changu Yasmin alikimbia vichochoro vya Unguja akiwa na macho ya Nagina, na Lufufu akimsemea.

Raha hiyo haikudumu. Darasani Yasmin aligeuka kuwa hoja. Dhamira ya ukombozi, nafasi ya mwanamke, mgogoro wa kitabaka, thibitisha kwa hoja tatu kutoka kila riwaya. Tuliandika madesa, tukakariri majina ya wahusika, na wengi walifaulu bila kukifungua kitabu chenyewe.

Banda nalo lilikuwa linabadilika. Kanda zikaondoka, zikaja diski, na filamu za Bongo za akina mwigizaji Kanumba zikakaa mbele ya zile za Kihindi. Hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili ununue mara mbili. Nilizipenda, sikatai. Lakini katika zote nilizotazama pale, sikuona hata moja iliyotokana na riwaya tuliyosoma shuleni, ingawa hadithi zilikuwa zimelala tele kwenye makabati ya shule zikila vumbi.

Ndipo mwaka 2021 mwongozaji Amil Shivji akaitoa Vuta N'kuvute kuwa filamu, ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa. Nilikuja kuitazama Dar es Salaam. Saa moja na nusu haiwezi kubeba kitabu kile, chenye Mombasa yake na Tanga yake, kwa hiyo filamu imewaegemea Yasmin na Denge, na pengine imewapenda mno kuliko Shafi alivyowapenda. Mwajuma anayeigizwa na Siti Amina ningemtazama usiku kucha. Ila aliyenishika ni Ikhlas Gafur Vora. Yasmin wake hana macho ya nyoka. Ni binti anayesema Kiswahili cha kwao, anayeogopa, anayekaidi. Dakika chache tu na Sridevi wangu akaniaga. Nilimsikitikia kidogo.

Nikatamani watu wa benchi lile waione, filamu isiyomhitaji Lufufu. Wapi? Banda siku hizi linaonyesha mpira, na ukutani pamebandikwa mikeka ya kubeti. Nilimwuliza kijana anayeliendesha kama angeweka filamu ya kitabu cha shule, jioni moja tu. Akaniuliza, kwa heshima kabisa, "Dada, ina mapigano?"

Mtoto wa kaka yangu, aliye kidato cha sita, nilimsimulia filamu yote tukiwa barazani. Alisikiliza vizuri. Nilipomaliza akachukua daftari lake. "Shangazi, hapo kwa Mwajuma, niandike dhamira gani?"