Kipimo cha Tone

Mwuza mafuta akimwaga matone mawili hahesabu hasara. Katika maabara matone mawili huweza kuwa mali yote. Tone moja la maji lina mikrolita 50 hivi, na mikrolita ni sehemu moja ya milioni ya lita: maji yake yana uzito wa miligramu moja tu.

Zamani kadiri ndogo namna hiyo ilipimwa kwa kufyonzwa kwa kinywa katika mrija mwembamba wa kioo. Pumzi ikizidi kidogo, sumu au vijidudu vya maradhi viliufikia ulimi. Mwaka 1957, katika Chuo Kikuu cha Marburg, Ujerumani, Heinrich Schnitger alichoshwa na kazi hiyo. Akaunda chombo chenye pistoni ya kusukumwa kwa kidole gumba, springi ya kuirudisha, na ncha ya plastiki ya kuvuliwa. Kati ya pistoni na kioevu aliacha hewa, pistoni isilowe. Springi ya pili ilisaidia kutoa masalio ya mwisho. Schnitger alifariki mwaka 1964, lakini chombo chake kimeenea ulimwenguni.

Hata hivyo, chombo hakimwondolei mtu wajibu. Kidole kikiachia kwa pupa, hewa huingia na kipimo husema uongo. Na kipimo kikisema uongo, mgonjwa aliyetoa damu yake huhukumiwa kwa maradhi asiyokuwa nayo, au huambiwa ni mzima naye anaangamia. Utaratibu wa mkono ni amana ya mtu asiyekuwapo.