Punda wa susu hauzwi

Wasee, mnaouliza kwenye video kama hiyo ya kutembeza punda asubuhi ni mzaha, sio. Ni punda wa susu wangu. Aliteleza kwenye mtaro akiwa na mitungi minne ya maji, kano ya mguu wa mbele ikaumia vibaya.

Jirani akasema, "Uzeni tu." Kwa bei gani, na aende wapi? Machakos tulikuwa na moja ya yale machinjio manne ya punda Kenya, ngozi zikienda China kutengenezwa ejiao. Serikali ilipiga marufuku 2020, korti ikaitupa 2021, Umoja wa Afrika nao ukakataza biashara ya ngozi 2024. Wezi wa punda hawasomi gazeti.

Daktari wa mifugo alituambia kano haipati damu nyingi kama nyama, ndio maana inapona kwa miezi, sio wiki. Mwanzo ni maji baridi, bandeji na kutulia. Halafu kutembea kwa kamba, mahali tambarare, dakika tano. Shida ni kwamba anaacha kuchechemea kabla kano haijashika. Mwezi wa pili nilimwona yuko fiti, nikamwachilia. Manze, akakimbia. Tukaanza upya.

Maji sasa nabeba mimi, mtungi wa lita 20 mgongoni, safari nne. Chuo niliacha, muda ninao. Susu hanigombezi, anahesabu mitungi tu.

Leo tumefika dakika 20. Kesho ni 20 tena, daktari amekataa niongeze.